Fandingi kwenye mikataba ya kudumu ya kripto: kuisoma, kuihesabu na kuipangia kabla haijala mtaji

Chukua pozisheni moja, yaani mkataba uliofunguliwa na bado haujafungwa, tuifuate. Umenunua nusu bitcoin kwenye mkataba wa kudumu, yaani mkataba unaofuata bei ya bitcoin bila tarehe ya mwisho, bei ikiwa dola 60,000. Umeweka dhamana ya dola 3,000 kwa levareji ya mara 10, yaani pozisheni ni kubwa mara 10 ya dhamana. Siku kumi zinapita, bei inafika dola 60,900. Mwelekeo umeupatia, na kwa hesabu ya haraka una faida ya dola 450. Unafungua salio, unakuta limepungua kwa karibu dola 180, na hapo ada za kufungua na kufunga bado hazijahesabiwa.

Hakuna aliyekuibia. Dola 630 hivi zimetoka kidogo kidogo, mara tatu kwa siku, zikaenda kwa watu waliouza mkataba uleule ulionunua. Hiyo ndiyo fandingi. Wengi wanaijua kwa jina, wanaiona ile namba yenye sifuri nyingi pembeni ya chati, wanaipita. Nimeona matreda wenye jicho zuri la chati wakimaliza mtaji kwa namba hiyo, ndiyo maana naona inastahili mwongozo wake peke yake. Ukitaka kuielewa kwa neno moja, iite kodi ya pango. Na kodi hii inatozwa kwa ukubwa wa jengo zima ulilopanga, siyo kwa ukubwa wa pesa uliyotanguliza mlangoni.

Kwa nini ipo

Fyucha ya kawaida, yaani mkataba wa kununua au kuuza mali siku ya baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo, ina tarehe ya mwisho. Siku hiyo ikifika, mkataba unalipwa kwa bei halisi ya mali, kwa hiyo bei ya mkataba hulazimika kukutana na bei ya soko la papo kwa papo (mali yenyewe inaponunuliwa na kuuzwa) hata kama ilikuwa imepotoka mwezi mzima. Mkataba wa kudumu hauna tarehe hiyo. Unaweza kuushika mwaka mzima. Sasa ni nini kinachouzuia usipeperuke, bitcoin ikauzwa dola 60,000 sokoni na mkataba wake ukauzwa dola 66,000?

Wazo la mkataba usioisha liliandikwa na mchumi Robert Shiller mwaka 1992, akifikiria mali ambazo bei zake ni ngumu kupimwa kila siku, kama nyumba. Kwenye kripto uliletwa kwa nguvu na jukwaa la BitMEX mwaka 2016, na leo biashara kubwa ya fyucha za kripto inafanyika kwa mikataba ya namna hii. Kamba inayoufunga mkataba kwenye bei halisi ni malipo ya mara kwa mara kati ya pande mbili. Mkataba ukiwa ghali kuliko mali yenyewe, walionunua wanawalipa waliouza. Ukiwa rahisi kuliko mali, waliouza wanawalipa walionunua. Upande uliojaa watu unalipa, upande mtupu unapokea, na tamaa ya kupokea ndiyo inayowavuta watu kuja kusawazisha.

Kwa kawaida jukwaa halichukui chochote kwenye malipo haya. Ni pesa ya treda kwenda kwa treda. Ada za jukwaa ni jambo lingine, na unazilipa pia.

Hatua ya kwanza: tofautisha bei tatu

Kwenye skrini ya mkataba wowote wa kudumu kuna bei tatu, na ukizichanganya hesabu zote zinazofuata zitapinda.

Ya kwanza ni bei ya mwisho, yaani bei ambayo mtu ametoka kununua au kuuza mkataba huo sasa hivi. Ya pili ni indeksi, ambayo ni wastani wa bei ya mali yenyewe uliochukuliwa kwenye masoko kadhaa ya papo kwa papo. Ya tatu ni bei ya maki. Hii jukwaa huikokotoa kwa kuanzia kwenye indeksi na kuirekebisha kidogo, ili mwinuko wa sekunde chache kwenye jukwaa moja usiwafunge watu ovyo.

Fandingi huzaliwa kwenye pengo kati ya bei ya mkataba na indeksi. Lakini kiasi unachotozwa kwa kawaida hukokotolewa kwa bei ya maki, na likwidesheni (jukwaa kukufungia pozisheni kwa lazima dhamana ikikaribia kuisha) nayo hufuata maki. Ile bei ya mwisho inayorukaruka kwa rangi ya kijani na nyekundu, ambayo macho yote yanaitazama, ina kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya pili: soma namba pamoja na muda wake

Juu ya chati utaona asilimia, kwa mfano 0.0100%, na kando yake saa inayohesabu kurudi nyuma. Ishara ya asilimia hiyo ndiyo inayosema nani analipa. Ikiwa chanya, mwenye longi (aliyenunua mkataba) anamlipa mwenye shoti (aliyeuza). Ikiwa hasi, mwenye shoti anamlipa mwenye longi.

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa linapotokea. Namba ile haina maana yoyote bila kujua inalipwa kila baada ya muda gani. Mikataba mingi mikubwa hulipwa kila saa 8. Jukwaa la Binance, kwa mfano, hutumia saa 00:00, 08:00 na 16:00 za UTC (saa ya kimataifa) kwa mikataba yake ya kawaida, na BitMEX hutumia 04:00, 12:00 na 20:00. Hizi ni saa za mashine, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane, kwa hiyo 08:00 hapo siyo saa nane yetu ya mchana. Geuza kwanza kwenda saa za ulipo, uziandike mahali unapoziona. Sarafu ndogondogo mara nyingi hulipwa kila saa 4, na soko likichafuka jukwaa linaweza kufupisha muda hadi saa moja. Majukwaa ya mnyororoni, yaani yanayoendeshwa kwenye blokcheni, kama Hyperliquid na dYdX hulipa kila saa.

Tazama tofauti inavyokuwa. Asilimia 0.01 kila saa 8 ni mara 3 kwa siku, sawa na asilimia 10.95 kwa mwaka. Asilimia hiyohiyo kila saa 4 ni 21.9 kwa mwaka. Kila saa moja ni 87.6 kwa mwaka. Namba ni ileile kwenye skrini, lakini kodi imezidi mara nane. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha jukwaa na jukwaa, au sarafu na sarafu, geuza zote ziwe za mwaka: kiwango, zidisha kwa idadi ya malipo kwa siku, zidisha kwa 365. Mimi siangalii tena ile namba ghafi. Naangalia ya mwaka tu, kwa sababu asilimia 80 kwa mwaka inamshtua mtu kwa namna ambayo 0.07 haiwezi.

Jambo la pili la kuangalia hapo: je, kiwango unachokiona kimeshafungwa, au ni makadirio? Majukwaa mengi huonyesha makadirio yanayobadilika hadi dakika ya mwisho. Unaweza kuingia ukiona 0.02 na ukatozwa 0.05. Soma maelezo ya mkataba wenyewe, maana hata ndani ya jukwaa moja masharti hutofautiana sarafu kwa sarafu.

Hatua ya tatu: jua namba hiyo inapikwaje

Wengi huruka sehemu hii. Usiiruke, kwa sababu bila hiyo utakuwa unasoma 0.01 kama ishara wakati si ishara ya chochote.

Kiwango kina viungo viwili. Cha kwanza ni riba ya msingi, ambayo majukwaa mengi wameipanga iwe 0.01% kwa kila saa 8. Cha pili ni premiamu, yaani mkataba umeizidi indeksi kwa asilimia ngapi, au umepungua chini yake kwa kiasi gani. Premiamu haipimwi kwa oda moja ndogo iliyo juu kwenye kitabu cha oda, yaani orodha ya maagizo ya kununua na kuuza yanayosubiri. Hupimwa kwa bei ambayo oda ya ukubwa fulani ingepata kweli ikiingizwa sokoni, kisha hutolewa wastani wa kipindi kizima. Kwenye majukwaa kadhaa dakika za mwisho za kipindi zina uzito zaidi kuliko za mwanzo.

Fomula iliyoenea, iliyoanzia BitMEX na kuigwa na wengi, ni hii: kiwango ni premiamu, jumlisha tofauti ya riba na premiamu, lakini tofauti hiyo hairuhusiwi kuzidi 0.05% wala kushuka chini ya −0.05%. Kwa maneno inachosha, kwa mifano inaeleweka.

Premiamu ikiwa 0.03%: riba 0.01 toa 0.03 ni −0.02. Iko ndani ya mipaka. Kwa hiyo 0.03 jumlisha −0.02, jibu ni 0.01%.

Premiamu ikiwa −0.03%: 0.01 toa −0.03 ni 0.04. Iko ndani ya mipaka. Jibu ni 0.01% tena.

Premiamu ikiwa 0.12%: 0.01 toa 0.12 ni −0.11, imevuka mpaka, inakatwa iwe −0.05. Jibu ni 0.07%.

Premiamu ikiwa −0.10%: tofauti ni 0.11, inakatwa iwe 0.05. Jibu ni −0.05%.

Umeona kilichotokea kwenye mifano miwili ya kwanza? Premiamu yoyote kati ya −0.04% na 0.06% inaishia kwenye 0.01% ileile. Ndiyo maana kiwango hiki kinaweza kukaa 0.0100 siku nzima bila kutikisika. Soko likitulia, fandingi hutulia kwenye 0.01, wala haitulii kwenye sifuri. Anayesema "fandingi ni chanya, soko limejaa wanunuzi" huku akionyesha 0.01 anasoma mashine ikiwa imepumzika. Hata mkataba ukiuzwa chini kidogo ya mali yenyewe, mwenye longi bado analipa. Kwa hiyo, kwenye fomula hii, mizani yako ianzie 0.01. Kikishuka hadi 0.002, wauzaji wameanza kuongezeka, japo ishara bado ni chanya.

Kwa jukwaa linalotumia fomula hii lakini linalipa kila saa, kiwango hichohicho cha mapumziko hugawanywa kwa 8 na kuonekana kama 0.00125%. Na kila jukwaa lina dari na sakafu yake, kiwango ambacho fandingi haiwezi kuvuka kwa malipo moja. Kwa sarafu ndogo dari hiyo inaweza kuwa juu sana, kwa hiyo itafute kabla ya kuishika sarafu hiyo usiku kucha.

Hatua ya nne: hesabu kwa ukubwa wa pozisheni

Malipo ni ukubwa wa pozisheni kwa bei ya maki, zidisha kwa kiwango. Dhamana yako haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Turudi kwenye nusu bitcoin yetu kwa dola 60,000. Ukubwa ni dola 30,000. Kiwango kikiwa 0.01%, unalipa dola 3 kila saa 8, dola 9 kwa siku. Ni pesa ndogo? Dhamana yako ni dola 3,000, kwa hiyo ni asilimia 0.3 ya mtaji wako kila siku, asilimia 9 kwa siku 30. Hiyo ni hali ya soko lililotulia kabisa.

Kikipanda kuwa 0.07%, unalipa dola 21 kila mara, dola 63 kwa siku. Hiyo ni asilimia 2.1 ya dhamana kila siku. Siku kumi ni dola 630, zaidi ya humusi ya pesa yako yote, hata bei isiposogea. Sasa unajua dola za mwanzo wa makala hii zilikwenda wapi.

Kanuni ya kichwani: asilimia ya mtaji wako inayoondoka ni kiwango mara levareji. Ukiwa na mara 10, sogeza nukta nafasi moja kulia. Ukiwa na mara 50, kiwango cha 0.07 ni asilimia 3.5 ya dhamana kwa malipo moja.

Kuna pigo la pili ambalo halionekani mpaka limekufikia. Ukitumia dhamana iliyotengwa, yaani iliyowekewa pozisheni hiyo peke yake, fandingi inaweza kuila dhamana yenyewe (baadhi ya majukwaa hukata kwanza kwenye salio huru, likiisha ndipo huigusa dhamana). Dhamana ya dola 3,000 kwenye nusu bitcoin inakupa nafasi ya bei kushuka dola 6,000, mpaka karibu 54,000, kabla haijaisha. Ikishaliwa dola 630, nafasi inabaki dola 4,740, na kuta zimesogea hadi dola 55,260. Likwidesheni halisi hutokea mapema kidogo ya hapo, kwa sababu jukwaa linadai kiasi cha chini kibaki. Stoploss yako (oda ya kufunga bei ikifika kiwango ulichopanga ili kukata hasara) haikusogea, bei haikusogea, lakini likwidesheni imekusogelea dola 1,260. Ukiwa na levareji kubwa, inaweza hata kuipita stoploss uliyoweka kwa umakini wote, nayo isifanye kazi kamwe.

Kwa mikataba inayodhaminiwa kwa sarafu yenyewe badala ya dola za kidijitali, fandingi hulipwa kwa sarafu hiyo. Hesabu ni ileile, ila kumbuka kwamba unachopokea au kulipa kinapanda na kushuka thamani pamoja na soko.

Hatua ya tano: iweke kwenye mpango kabla ya kuingia

Kabla ya kubonyeza kitufe jiulize utaishika siku ngapi. Jibu likiwa dakika ishirini, fandingi haikuhusu isipokuwa muda wa malipo uko katikati. Likiwa wiki mbili, inakuhusu kuliko ada zote.

Chukua kiwango cha wastani cha siku chache zilizopita, usichukue cha sasa hivi peke yake. Zidisha kwa malipo ya siku, kisha kwa siku zako. Jibu ndiyo asilimia ambayo bei inapaswa kusogea upande wako ili usipate wala usipoteze. Kwa 0.07% na siku kumi ni asilimia 2.1. Kutoka dola 60,000, bei lazima ifike dola 61,260 ndipo unaanza kupata senti ya kwanza, ukiacha ada. Ikiwa shabaha yako ilikuwa dola 61,500, tredi hiyo haikuwa na maana tangu mwanzo, na ungeweza kuliona hilo kwa nusu dakika ya hesabu.

Ukiona gharama ni kubwa, una njia. Kama hutaki levareji, nunua mali yenyewe sokoni, hailipiwi fandingi. Kama unataka levareji kwa muda mrefu, angalia fyucha yenye tarehe ya mwisho. Yenyewe huwa na premiamu, lakini unaijua siku ya kwanza na haibadiliki juu yako katikati ya safari. Au angalia kiwango kwenye jukwaa lingine, ukikumbuka kugeuza kwenda mwaka.

Kuhusu kukwepa saa ya malipo: anayetozwa ni yule aliye na pozisheni wazi muda ule unapofika. Ukifunga kabla, hulipi. Ila usisubiri sekunde za mwisho, maana hesabu ya jukwaa inaweza kuchelewa au kutangulia kidogo. Funga dakika kadhaa kabla. Na pima kama inafaa: kufunga na kufungua upya kwa oda za papo hapo kwa ada ya 0.05% kila upande ni 0.10% ya ukubwa. Kuikimbia fandingi ya 0.03 kwa kulipa 0.10 ni kujiumiza. Njia hii ina maana tu kiwango kikiwa kikubwa kupita kiasi, au kama ulikuwa unafunga hata hivyo.

Hatua ya sita: isome kama hali ya umati

Fandingi inakuambia upande gani umejaa na uko tayari kulipa kiasi gani ili ubaki. Ni habari nzuri. Haikuambii lini.

Mwanzoni mwa 2021 bitcoin ilikuwa karibu dola 29,000, na katikati ya Aprili ilivuka 64,000. Katika kipindi hicho fandingi ilipanda mara kwa mara hadi 0.1% na zaidi kwa saa 8, kodi ya zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka, na bei iliendelea kupanda kwa wiki na wiki. Aliyeuza kwa sababu tu "fandingi imezidi" alipokea fandingi yake vizuri, lakini bei ilipozidi kupanda shoti yake ikafungwa kwa hasara. Mei ilipofika, soko likaanguka kwa kishindo na kiwango kikageuka hasi. Wote wawili, aliyesema watu wamejaa na aliyesema bado bei itapanda, walikuwa sahihi kwa wakati wake.

Kwa hiyo isome pamoja na mambo mengine mawili: jumla ya mikataba iliyo wazi, na bei yenyewe. Fandingi ikipanda, mikataba wazi ikiongezeka, na bei imekwama palepale, basi watu wengi wanalipa kodi nzito bila kwenda popote. Hao ni kuni kavu. Mshuko mdogo unaweza kufunga wa kwanza, naye akamsukuma wa pili. Lakini fandingi ikipanda huku mikataba wazi ikipungua na bei ikiruka, mara nyingi ni walioshika shoti wanafungwa kwa lazima, na moto huo huzimika wenyewe.

Fandingi hasi kubwa nayo ina mitego. Septemba 2022, Ethereum ilipokuwa inaelekea kubadili mfumo wake tarehe 15, fandingi ya mikataba ya ether, sarafu ya Ethereum, ilizama chini sana. Aliyeitazama harakaharaka alidhani soko zima linatabiri anguko. Kumbe wengi walikuwa wameshika ether halisi ili wagawiwe sarafu mpya itakayotokana na mgawanyiko wa mnyororo, na waliuza mikataba kujikinga na mabadiliko ya bei. Walikuwa radhi kulipa. Tukio lilipopita, kinga zikafungwa na kiwango kikarudi juu. Ukiona fandingi ya ajabu, kwanza uliza kama kuna tarehe inayosubiriwa: mgawo, kufunguliwa kwa sarafu zilizofungiwa, mgawanyiko. Wanaolipa sana wakati mwingine wana sababu isiyohusu mwelekeo hata kidogo.

Hatua ya saba: kuwa mpokeaji

Ikiwa upande mmoja unalipa, kwa nini usikae upande wa pili huku ukijikinga na bei? Njia yenyewe ni ya wazi: unanunua mali sokoni, unauza mkataba wa kudumu wa kiasi hichohicho. Bei ikipanda, ulichonunua kinapata na ulichouza kinapoteza. Ikishuka, kinyume chake. Bei inafutana, fandingi inabaki mkononi.

Tuseme una dola 10,000. Unanunua ether ya dola 8,000, unaweka dola 2,000 kuwa dhamana ya shoti ya dola 8,000. Kwa 0.01% unapokea senti 80 kila saa 8, dola 2.40 kwa siku, dola 876 kwa mwaka kama kiwango hakitabadilika. Kwenye dola 10,000 hiyo ni asilimia 8.76, siyo ile 10.95 inayotangazwa, kwa sababu sehemu ya mtaji imekaa kama dhamana bila kuzalisha.

Ada zinafuata. Ukilipa 0.1% kununua na 0.1% kuuza sokoni, ni dola 16. Kwenye mkataba 0.05% kuingia na 0.05% kutoka, ni dola 8. Jumla dola 24, sawa na siku kumi kamili za fandingi. Kwa siku kumi za mwanzo unafanya kazi ya kulipia mlango. Anayerukaruka kila wiki kwenye sarafu yenye kiwango kikubwa cha siku hiyo, mara nyingi anawafanyia kazi wenye jukwaa.

Hatari halisi, hata hivyo, iko kwenye shoti. Dhamana ya dola 2,000 kwenye shoti ya dola 8,000 inaisha bei ikipanda kama asilimia 25, na likwidesheni inakuja kabla ya hapo. Ndiyo, ether uliyonunua imepata faida hiyohiyo, lakini iko kwenye akaunti nyingine, na faida ya akaunti nyingine haizuii shoti kufungwa. Ikifungwa, umebaki na ether tupu kileleni mwa bei. Kwa hiyo panga mapema: bei ikipanda asilimia 10, unauza ether kiasi gani, unapunguza shoti kiasi gani, na unahamisha dola ngapi. Iandike. Usiku bei inaporuka si wakati wa kuanza kubuni.

Njia mojawapo ya kuondoa hatari hiyo ni kutumia mkataba unaodhaminiwa kwa sarafu yenyewe, na kuuza kiasi sawa na dhamana yote, levareji ya moja. Bei ikipanda, dhamana inapanda thamani pamoja na hasara ya shoti, na likwidesheni ya upande wa juu inatoweka. Unachokubali badala yake ni kwamba mali yako yote iko mikononi mwa jukwaa moja. Jukwaa la FTX liliomba kinga ya kufilisika tarehe 11 Novemba 2022, na waliokuwa na mikakati ya namna hii humo ndani, iliyokingwa kikamilifu dhidi ya bei, hawakuweza kutoa pesa zao. Gawanya mtaji.

Na kuna jambo ambalo mtu halifikirii mpaka limtokee. Soko likianguka vibaya na waliofilisika wakashindwa kulipa, jukwaa likimaliza mfuko wake wa bima linaweza kuzifunga kwa lazima pozisheni zenye faida. Tarehe 10 Oktoba 2025, pozisheni za zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa lazima ndani ya siku moja kwa hesabu ya Coinglass, tovuti ya takwimu za kripto. Wengi waliokuwa na shoti za kinga walizikuta zimefungwa kwa faida, wakabaki na mali halisi bila kinga yoyote huku bei ikiendelea kuporomoka. Majukwaa mengi huonyesha kwenye kila pozisheni taa ndogo au vijiti vinavyokwambia uko karibu kiasi gani kwenye foleni ya kufungwa hivyo. Levareji ndogo hukuweka nyuma yake. Vikijaa vyote, punguza shoti na uuze kiasi hichohicho cha mali mwenyewe, ungali una uchaguzi wa bei.

Mwisho, amua leo utatoka lini. Kiwango kitageuka hasi siku fulani, na hapo wewe mwenye shoti ndiye unayelipa. Malipo moja hasi si sababu ya kukimbia, kwa sababu kutoka na kurudi kunagharimu dola 24 zile. Mimi hutumia wastani wa siku saba: ukishuka chini ya sifuri, nafunga pande zote mbili kwa pamoja, vipande vidogo vidogo, nikianza na upande wenye kitabu chembamba cha oda. Kila malipo, ya kupokea na ya kulipa, naandika kwenye safu yake kando na faida ya bei, kwa sababu historia ya akaunti kwenye majukwaa mengi huyatenga malipo ya fandingi na faida inayoonyeshwa kwenye pozisheni. Pakua historia hiyo kila mwezi, kabla jukwaa halijaanza kuficha miezi ya nyuma.